Jaji, Wadene na Bomba la Bonde la Mackenzie

Kabla kampuni yoyote haijachimba kisima, Wadene walijua mafuta yako wapi. Kwenye kingo za Mto Mackenzie, kaskazini-magharibi mwa Kanada, kusini kidogo ya Duara la Aktiki, lami nyeusi ilichuruzika yenyewe kutoka ardhini, na watu wa mto waliichukua kuzibia mitumbwi yao. Alexander Mackenzie, mfanyabiashara wa manyoya kutoka Scotland ambaye jina lake lilibandikwa kwenye mto huo, alipita hapo mwaka 1789. Hakukaa. Alikuwa anatafuta njia ya kwenda Pasifiki, na mto ukamfikisha kwenye bahari ya barafu.

Kwa zaidi ya karne moja baada yake serikali haikuona haja ya kufunga mkataba na watu wa kule. Wamisionari waliandika barua kuombea msaada wagonjwa na wenye njaa, Ottawa ikasita: ardhi yenyewe hailimiki, reli haifiki, mkataba wa nini? Kisha mwaka 1920 kampuni ya Imperial Oil ikapata mafuta mahali palipokuja kuitwa Norman Wells. Kiangazi cha 1921 kamishna Henry Conroy alikuwa tayari mtoni, akiteremka kituo baada ya kituo na masanduku ya fedha, akikusanya alama za machifu kwenye waraka ulioitwa Mkataba wa 11. Mafuta mwaka huu, mkataba mwaka ujao. Atakayekumbuka mfuatano huo hatashangazwa na mengi yaliyofuata.

Kila mtu alipewa dola 12 papo hapo na ahadi ya dola 5 kila mwaka. Waraka ulioandaliwa Ottawa ulisema kwa Kiingereza kwamba Wadene wameachia na kusalimisha haki zao zote juu ya eneo la zaidi ya maili za mraba 370,000. Wazee waliokuwepo walikumbuka kitu kingine kabisa: kwamba wageni wameomba amani, na wameahidi kuwa hakuna atakayewazuia wenyeji kuwinda, kutega na kuvua samaki. Huko Fort Rae, kwa masimulizi ya Watlicho, Wadene wa upande huo, Chifu Monfwi alikataa kugusa kalamu mpaka nchi yake ichorwe mipaka na ahadi hiyo itamkwe mbele ya watu. Askofu Gabriel Breynat, ambaye uwepo wake uliwapa machifu imani ya kukubali, alijitokeza hadharani katika miaka ya 1930 kulalamika kwamba yaliyoahidiwa hayakutimizwa. Mimi naona ushahidi wa wazee unatosha. Anayeishi kwa kuwinda hawezi kuuza mawindo yake yote kwa dola 12 huku akijua anachokifanya.

Yaliyokuja baadaye yalikuja kwa mafungu. Mwaka 1928 mafua yaliyoletwa na meli ya mizigo yaliua watu wengi kando ya mto, wakiwemo wazee waliobeba kumbukumbu za mkataba. Katika miaka ya 1930 mgodi ulifunguliwa Port Radium, kando ya Ziwa Great Bear, na wanaume wa Kidene wakaajiriwa kubeba magunia ya mawe ambayo hawakuambiwa ni ya nini. Urani iliyokuwa ndani yake ilisafishwa Port Hope, Ontario, katika kiwanda kilekile kilichosafisha urani ya Shinkolobwe, Katanga, kwa ajili ya mabomu ya atomiki ya Marekani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani, likihofia Wajapani, lilianza kujenga bomba la mafuta kutoka Norman Wells kuvuka milima hadi Whitehorse. Liliitwa Canol, liligharimu zaidi ya dola milioni 130, likapitisha mafuta kwa mwaka mmoja hivi, na mwaka 1945 likaachwa. Malori, mapipa na mabomba yalibaki porini. Kwa hiyo watu wa Mackenzie waliposikia habari za bomba jipya, bomba halikuwa kitu kigeni kwao.

Bomba hilo jipya lilizaliwa na ugunduzi wa mwaka 1968 huko Prudhoe Bay, pwani ya kaskazini ya Alaska, ambako mafuta na gesi vilipatikana kwa wingi usiowahi kuonekana Amerika Kaskazini. Marekani ilisafisha njia yake haraka: mwaka 1971 Bunge lilipitisha sheria iliyowapa wenyeji wa Alaska ekari milioni 44 na karibu dola bilioni moja, na madai yao mengine yote ya ardhi yakafutwa. Bomba la mafuta la Alaska likaweza kujengwa. Gesi ilibaki bila njia, na hapo Kanada ikaingia. Muungano wa makampuni 27 ya Kanada na Marekani, uliojiita Arctic Gas, uliomba mwaka 1974 kujenga bomba kutoka Prudhoe Bay, lipite pwani ya Yukon, lichukue na gesi ya Kanada kwenye delta ya Mackenzie, kisha lifuate bonde la mto hadi kusini. Serikali ilikuwa na mpango mpana zaidi: likishatangulia bomba la gesi, la mafuta lingefuata njia ileile. Baadaye mpinzani wa Arctic Gas, kampuni ya Foothills chini ya Bob Blair, alileta ombi la bomba la Kikanada pekee, lisilogusa Alaska.

Mambo mawili yalikuwa yameshavuruga mahesabu hayo. Machifu 16 wa Kidene walikwenda kwa msajili wa ardhi kuwasilisha hati ya pingamizi juu ya eneo lote, wakisema ni lao. Mmoja wao, chifu kijana François Paulette, ndiye aliyeipa kesi jina lake. Jaji William Morrow hakukaa mahakamani kuwasubiri mashahidi. Alipanda ndege akawafuata wazee kijijini, wengine kwenye vitanda vya ugonjwa, akawauliza walichokisikia mwaka 1921. Septemba 1973 aliamua kwamba kuna shaka ya kutosha kama Wadene waliwahi kuachia ardhi yao, hivyo wana haki ya kuweka pingamizi. Hukumu hiyo ilikuja kutenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikathibitisha hivyo mwaka 1976, lakini kwa hoja ya kiufundi juu ya usajili. Ushahidi wa wazee haukuguswa.

Jambo la pili lilitokea mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1973. Katika kesi ya Wanisga'a wa British Columbia, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba haki ya asili ya ardhi ni kitu kinachotambulika katika sheria za Kanada, ingawa majaji waligawanyika kama haki hiyo bado ipo. Wakili aliyewatetea Wanisga'a alikuwa Thomas Berger. Aliyekuwa wakili sasa alikuwa jaji, na Machi 1974 serikali ya Pierre Trudeau, ambayo haikuwa na wingi wa kura bungeni na ilihitaji kukiridhisha chama ambacho Berger aliwahi kukiongoza katika jimbo lake, ilimteua kuchunguza athari za bomba kwa watu na mazingira ya kaskazini. Inaelekea wengi Ottawa walitarajia orodha ya masharti: bomba lijengwe hivi, nguzo iwekwe pale.

Berger alianza kwa kukataa haraka. Aliahirisha vikao rasmi hadi Machi 1975 ili kila upande ujiandae, na akaishawishi serikali itoe fedha kwa vyama vya wenyeji na vya mazingira ili viajiri mawakili na wataalamu wao, kwa kuwa makampuni yalikuwa na wa kwao tangu miaka mingi. Leo hilo halishangazi sana. Wakati ule lilikuwa jambo geni kabisa.

Vikao vilikuwa vya namna mbili. Huko Yellowknife wahandisi na wanabiolojia walihojiwa na mawakili kwa miezi. Vya pili vilikwenda kwa watu wenyewe: vijiji na miji 35, kuanzia delta ya mto hadi mpaka wa Alberta, katika kumbi za jamii, madarasa, hata kambi za kuvulia samaki. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Jaji aliketi mezani na karani, mkalimani na sufuria ya chai ikiwa karibu, na yeyote aliyetaka kusema alisema, kwa lugha yake, kwa muda aliotaka. Alibaki mpaka wasemaji waishe. Kama msimu wa kutega ulikuwa umewapeleka watu porini, kikao kilisubiri. Kila jioni redio ya taifa ya CBC ilirusha muhtasari wa siku kwa Kiingereza na kwa lugha za kaskazini, kwa sauti za watangazaji wa huko kama Abe Okpik, kwa hiyo mzee wa Aklavik alijua alichosema mwenzake wa Fort Simpson kabla jaji hajafika kwake. Bonde zima, lenye watu 30,000 tu katika eneo linaloshinda nchi nyingi kwa ukubwa, lilianza kujisikia likizungumza.

Walisema nini? Walitaja mahali. Mtu alisimama akaeleza wapi babu yake alifia, ni ghuba gani samaki hupita vuli, njia ipi karibuu hufuata theluji inapoanza kuyeyuka. Karibuu ni mnyama wa jamii ya kulungu, dume na jike wote wana pembe zenye matawi, na kwa watu wa kaskazini alikuwa nyama, nguo na hema. Msimuliaji wa aina hii anaweza kumchosha wakili. Lakini Udugu wa Wahindi wa Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, chama cha Wadene, ulikuwa umelitambua jambo moja mapema: hadithi hizo zikichorwa kwenye ramani huwa ushahidi. Chini ya Phoebe Nahanni, vijana wa Kidene walikwenda kijiji hadi kijiji wakiwaomba wawindaji wachore njia zao za mitego na za safari za maisha yao yote. Mistari ilipopangwa pamoja, ile nchi ambayo ramani za serikali ziliionyesha kama karatasi nyeupe ilijaa. Kwangu, kazi hiyo ya ramani ilifanya zaidi ya hotuba yoyote iliyotolewa mbele ya Berger, ingawa hotuba ndizo zinazokumbukwa.

Hotuba iliyokumbukwa kuliko zote ilitolewa Fort Good Hope, Agosti 1975. Chifu Frank T'Seleie, kijana bado, alimgeukia Bob Blair aliyekuwa ukumbini, akamfananisha na Jenerali Custer aliyewapiga vita Wahindi wa nyanda za Marekani karne moja kabla, akamwambia kwamba yeye binafsi yuko tayari kutoa uhai wake bomba lisipite. Ukumbini mlikuwa na wanavijiji ambao wengi hawakuwahi kumwona mtu wao akisema hivyo na mkuu wa kampuni.

Mwezi uliotangulia, tarehe 19 Julai 1975, wajumbe wa Wadene na wa Wametis, watu wenye damu ya wenyeji na ya Wazungu, walikuwa wamekutana Fort Simpson na kupitisha Tamko la Wadene. Walijitangaza kuwa taifa, wakataka kujitawala ndani ya Kanada, na wakajiweka katika kile walichokiita Ulimwengu wa Nne. Fikra hiyo ilikuwa imepitia Dar es Salaam. George Manuel, kiongozi wa Washuswap aliyeongoza chama cha kitaifa cha Wahindi wa Kanada, alialikwa Tanzania mwaka 1971 kwenye sherehe za miaka kumi ya uhuru, akarudi akimsifu Nyerere. Na mtu aliyempa wazo la ulimwengu wa nne, yaani wa watu wa asili wanaosimama juu ya mila zao wenyewe, alikuwa Mbuto Milando, mwanadiplomasia wa ubalozi wa Tanzania mjini Ottawa. Waziri wa mambo ya Wahindi, Judd Buchanan, aliliita tamko hilo upuuzi ambao mwanafunzi wa darasa la kumi angeweza kuuandika.

Makampuni hayakuja mikono mitupu. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba maisha ya kuwinda yanakufa yenyewe, vijana wanataka mishahara, na bomba litawapa. Wataalamu waliolipwa na makampuni walileta takwimu za kuonyesha kwamba nyama ya porini ni sehemu ndogo tu ya uchumi. Upande wa Wadene ulileta wachunguzi waliokuwa wamehesabu kilichoko sufuriani, na ikaonekana kwamba takwimu za kwanza zilihesabu manyoya yaliyouzwa tu, zikasahau samaki na nyama ambavyo havipiti dukani. Ajira nazo zilichambuliwa: nyingi zingekuwa za msimu mmoja au miwili, na za ufundi zingekwenda kwa watu wa kusini.

Kisha kukawa na fizikia, na hapa ndipo Arctic Gas walipoumbuka. Ardhi ya kule imeganda tangu zama za kale. Bomba lenye joto lingeiyeyusha na kuzama. Kwa hiyo waliamua kuipoza gesi chini ya nyuzi sifuri. Lakini kuna sehemu, hasa chini ya mito, ambako udongo haujaganda. Hapo bomba baridi lingegandisha maji yanayolizunguka, barafu ingevimba na kulinyanyua, labda kulivunja. Kampuni ilisisitiza kwamba uzito wa udongo ungetosha kulikandamiza. Uchunguzi ukielekea ukingoni, ilikiri kwamba mtambo wake wa majaribio ulikuwa na kasoro, na nguvu ya barafu ilikuwa imepimwa ndogo kuliko ilivyo. Mradi wa mabilioni ya dola, na swali la msingi kabisa lilikuwa halijajibiwa.

Ripoti ya Berger ilitoka Mei 1977. Jina lake liliweka bega kwa bega mitazamo miwili: kaskazini kama mpaka mpya wa kuvuna mali, na kaskazini kama nyumbani. Alipendekeza kwamba bomba lisipite kamwe pwani ya Yukon, kwa sababu ndiko karibuu wa kundi la Porcupine, wapatao 100,000, wanakozalia, na Wagwich'in wa Old Crow wanawategemea. Bonde la Mackenzie lenyewe, alisema, linaweza kupitisha bomba siku moja. Ila lisubiri miaka 10, madai ya ardhi ya wenyeji yamalizwe kwanza. Wafanyabiashara wa Yellowknife na Hay River walikasirika, wakasema jaji amependa picha ya Mhindi wa zamani kuliko watu wanaotafuta kazi leo. Lawama hiyo haikukosa msingi wote. Chama cha Wametis kilikuwa kimeshajitenga na Wadene na kuwa laini zaidi kwa bomba, na ripoti inawasikiliza kwa sikio moja.

Julai 1977 Bodi ya Taifa ya Nishati iliikataa Arctic Gas. Iliunga mkono njia nyingine, kando ya barabara kuu ya Alaska, nayo haikujengwa.

Kwa kawaida simulizi huishia hapo, jaji mwema akiwa ameokoa nchi. Mimi nadhani kisa chenyewe ndipo kinapoanza, kwa kuwa Wadene wengi hawakuwa wamesema bomba lisipite milele. Walikuwa wamesema lisipite kabla haijajulikana nchi ni ya nani. Waliomsikia jaji vizuri zaidi katika jambo hilo ni Wainuvialuit wa delta, ambao mwaka 1984 walisaini makubaliano yao ya ardhi. Mwaka huohuo hifadhi ya taifa iliyokuja kuitwa Ivvavik ilianzishwa pwani ya Yukon, pale bomba lilipokuwa lipite. Wadene na Wametis walikaribia kupata mkataba mmoja wa bonde zima, ukavunjika mwaka 1990 kwa sababu serikali bado ilitaka haki ya asili ifutwe. Ndipo kila upande ulipokwenda njia yake: Wagwich'in 1992, Wasahtu mwaka uliofuata, Watlicho mwaka 2005. Wadehcho, walioko kusini mwa bonde, walibaki mezani.

Stephen Kakfwi alikuwa mtoto wa Fort Good Hope na mmoja wa vijana waliopigana na bomba mwaka 1975. Mwaka 2000 alikuwa Waziri Mkuu wa Maeneo ya Kaskazini-Magharibi, akisukuma bomba la gesi lijengwe. Waliomshangaa hawakusikiliza vizuri mara ya kwanza. Safari hii Kundi la Bomba la Wenyeji, likiunganisha Wagwich'in, Wasahtu na Wainuvialuit, lingemiliki hadi theluthi moja ya bomba, likiwa upande mmoja wa meza na Imperial Oil, Shell, ConocoPhillips na ExxonMobil. Kibali cha serikali kilitoka Machi 2011, kwa mradi uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 16.2. Kilikuja kimechelewa. Marekani ilikuwa imejifunza kupasua miamba ya chini kwa shinikizo la maji na kutoa gesi kwa bei ya chini, na gesi ya Aktiki haikuweza kushindana. Desemba 2017 makampuni yaliufuta mradi. Jaji alikuwa amelizuia bomba kwa miaka 10. Soko lililizuia moja kwa moja, na halikuuliza juu ya fidia ya mtu yeyote.

Bomba moja lilijengwa. Mwaka 1985 bomba jembamba la mafuta, kilomita 869, lilianza kupitisha mafuta kutoka Norman Wells hadi Alberta, likipita katikati ya nchi ya Wadehcho. Wadene walilipinga, wakaambulia kucheleweshwa kwake kwa miaka miwili. Mei 2011, miezi miwili hivi baada ya kibali kile cha gesi, wawindaji karibu na kijiji cha Wrigley walikuta mafuta yamevuja porini. Tundu lilikuwa dogo mno kwa mitambo ya kampuni kulitambua. Kwanza ilisemwa ni mapipa manne. Makadirio yalipanda hadi kufikia 1,500. Kijiji kilichogundua mvujo huo kilikuwa hakijasaini makubaliano yoyote ya ardhi zaidi ya ule Mkataba wa 11, na wakazi wake bado hulipwa dola 5 kila mwaka.